Mtoto wa Mizani na Mtoto wa Ndani

"Mpima wa jirani, wake hupungua ndani."

Bibi Namvua aliwaambia hivyo vijana wa kikundi cha kilimo, kisha akainama kuendelea kumenya mihogo yake kama mtu ambaye hakusema kitu. Vijana walikuwa wametoka shambani wanacheka, wakimsimulia walichofanya. Bwana shamba alikuja kukagua mahindi yao, nayo yalikuwa yameliwa na viwavi yakabaki vijiti vitupu. Kwa kuona haya, wakampeleka kwenye shamba la mzee Kihiyo lililostawi, wakamwambia ndilo lao. Bwana shamba akawasifu sana, akapanda pikipiki yake akaenda kitongoji cha pili. Sasa kicheko kilikatika. Msichana mmoja, Mwanjaa, akauliza huyo mpima alikuwa nani na alipima nini, maana methali hiyo shuleni hawakufundishwa.

"Kwani shuleni mtafundishwa yote?" Bibi akamjibu. "Kaeni. Na kila mtu ashike kisu, mihogo haijimenyi yenyewe. Methali hii haikudondoka na mvua. Ilizaliwa hapahapa Kwamsanja, kwenye banda hili mnaloliegemea, nayo ilianza hivi."

Tazameni juu kwenye ile boriti. Mnaiona kulabu? Haikuwekwa ya kutundikia nyama, ile ni ya mizani. Zamani banda hili lilikuwa na mashine ya kusaga, siyo hili bati linalotupigia kelele upepo ukivuma. Ulipopita mwaka wa njaa, watoto wadogo wa kijiji hiki walikufa kwa kufuatana. Leo mnazika huku, kesho mnazika kule. Wazee na akina mama wakakaa, wakaelewana na watu wa zahanati kwamba kila mwezi mashine izimwe siku moja, watoto wote wadogo waletwe hapa wapimwe. Siku hiyo ikaitwa Siku ya Mizani.

Muuguzi Bi Tausi alikuja kwa baiskeli. Mama anamvalisha mwanawe kaptula ya turubai, anamtundika kwenye kulabu ya mizani, mtoto anarusha miguu hewani, mshale unasema. Mshale ukirudi nyuma, wenzake mama huyo wanamshika mkono. Anapelekewa unga wa mahindi uliochanganywa karanga na maharage. Tena shamba lake linalimwa na wenzake kwa msaragambo, yaani kijiji kizima kinatoka na majembe, ili yeye akae na mwanawe amlishe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Wanaume walitoa karanga. Ndiyo hivyo tu, hapakuwa na mtego wowote. Lakini mwenye hofu akiona kamba haulizi kama ni ya kufungia mbuzi. Anajua ni ya kumfunga yeye.

Basi palikuwa na mwanamke kijana, Mahija, aliyeolewa hapa kutoka ng'ambo ya mto. Mumewe, Mhando, alikuwa mkata mkonge huko shambani kwa watu, anarudi nyumbani baada ya miezi mingi. Mahija aliishi ua mmoja na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, Bi Sikujua. Mwanamke yule hakuwa mkali, ila alikuwa mkimya, na ukimya wa mavyaa, nyie wasichana mtakuja kuujua, unatisha kuliko matusi. Mtoto wa Mahija aliitwa Mbaruku. Alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kinu, anatikisika, anaanguka, anacheka mwenyewe.

Hapo ndipo Mahija alipogundua kuwa ana mimba nyingine.

Mnacheka nini? Mimba ilikuwa ya mumewe. Lakini sikilizeni mila za watu. Mwanamke akishika mimba na mtoto bado ananyonya, watu husema mtoto amebemendwa. Eti baba na mama hawakuvumilia, wakaharibu maziwa, na mtoto atadhoofu kwa ajili ya tamaa yao. Na lawama yote inamwangukia mwanamke. Mwanamume haguswi, utadhani siku hiyo alikuwa safarini. Mwaka uleule, mwanamke mmoja wa kijiji hiki mtoto wake alivimba miguu, na kabla hajapona mama yake alirudishwa kwao. Mahija alimwona akipita njiani, furushi kichwani, mtoto mgongoni, na watu wakijifanya wanatazama kuku. Hakuisahau sura ile.

Kwa hiyo alifanya kile alichoona kitamwokoa. Alijipaka shubiri kwenye maziwa, akamwachisha mtoto siku moja tu, ghafla. Mimba akaificha kwa kujifunga kanga kilegelege. Mbaruku akaanza kulishwa uji wa muhogo mweupe, hauna karanga, hauna chochote. Alilia siku nyingi. Halafu akaanza kuhara. Nywele zake zikageuka rangi, zikawa nyepesi kama ndevu za muhindi. Halafu jambo moja likamfurahisha mama yake kidogo, kwamba mtoto alianza kujaa mashavu na miguu. Furaha hiyo haikudumu. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na pale alipobonyeza pakabaki shimo, halikurudi. Mahija alilitazama shimo lile. Alijua limeandikwa jina lake.

Na Siku ya Mizani ilikuwa inakaribia.

Katika ua ule alikuwepo mpangaji, Mwantumu, mwanamke mcheshi aliyehamia kutoka mjini na kuuza dagaa magulioni. Alikuwa na mtoto wa kiume wa rika la Mbaruku, jina lake Jumbe, mapaja yamejaa, analia kwa sauti ya kondakta. Mwantumu alipokwenda gulioni alimwachia Mahija mtoto, na Mahija alimbeba kwa moyo mmoja. Jumbe alipimwa huko mjini walikotoka, na hapa bandani hakuna aliyemjua.

Shetani hana kazi nyingi, wajukuu zangu. Anangoja tu mtu aogope. Asubuhi ya mizani, Mwantumu yuko gulioni, Bi Sikujua yuko shambani anafukuza ngedere, Mahija alimvalisha Jumbe kofia ya kufuma ya Mbaruku, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akamfunga mgongoni. Akamlaza Mbaruku chumbani, akafunga kufuli, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Mtoto hakulia. Alimtazama tu mama yake anavyotoka.

Katika foleni kila mwanamke aliyegeuka nyuma alimwona kama shahidi. Bi Tausi aliita jina la Mbaruku Mhando, na Jumbe, atajuaje kwamba anaitwa, akaendelea kunyonya kidole. Mahija akamtundika. Mshale ukapanda vizuri, kadi yake ikatiwa alama kwenye kijani, rangi ya mwenye afya. Bi Tausi akasema mtoto huyu analelewa. Mahija aliitikia asante kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, akarudi nyumbani mbio kufungua kufuli.

Mngedhani angeishia hapo. Lakini uongo ukishaketi ndani ya nyumba huomba na chakula. Mwezi wa pili akafanya vilevile, na safari hii Bi Tausi akamsimamisha mbele ya wenzake awaeleze anamlisha nini mtoto aliyenawiri hivi. Mahija akasimama akataja mayai, maharage, karanga, mlenda, yote aliyoyasikia palepale bandani, na wanawake wakaitikia kwa vichwa. Alipofika nyumbani alijaribu kweli. Aliponda karanga, akazikoroga kwenye uji, akampa Mbaruku kijiko. Mtoto akageuza uso. Akampa tena, akageuza tena, polepole, kama mzee aliyechoka na wageni. Wakati wa kula ulikuwa umempita.

Mtauliza bibi yake alikuwa wapi. Alikuwepo, lakini mavyaa haingii chumba cha mkwe wake, ni mwiko, na Mahija alijificha nyuma ya mwiko huo. Mwantumu akirudi jioni anaambiwa Mbaruku amelala, na Bi Sikujua akiuliza mjukuu, anaambiwa vivyo hivyo. Akiona kofia mgongoni kwa mbali, anadhani ndiye. Alinyamaza, na Mahija akauogopa ule ukimya zaidi kila siku. Aliota mchana kweupe, anatwanga huku anaona furushi lake njiani. Akisikia mlango wa uani ukilia, anashika pindo la kanga kuhakikisha ufunguo upo. Aliogopa mtoto asilie, watu wasije wakasikia. Halafu mtoto alipoacha kulia, akaogopa zaidi.

Sasa ikaja siku ya msaragambo. Mwanamke aliyeitwa mama Chambega mwanawe alikuwa amepungua, na kwa desturi, akina mama ambao watoto wao wako kijani ndio wanaotangulia kumlimia. Mahija akaitwa. Angekataaje? Alichukua jembe, akachota na unga wa kuchangia kutoka kwenye kile kidogo alichokuwa nacho. Mwantumu alikuwa ameondoka, kwa hiyo Jumbe yuko mgongoni. Mbaruku akafungiwa.

Walilima. Jua likapanda. Bi Tausi naye alikuwepo, amekuja kuona mtoto anavyolishwa. Pembeni, chini ya kibanda cha makuti cha kulindia ndege, mama Chambega alikuwa amekaa, mwanawe mapajani, anamlisha kijiko kimoja, anangoja, anampa kingine. Mtoto yule alikuwa amekonda, amevimba miguu, kila mtu anamwona. Hakuna aliyemsengenya mama yake. Mwanamke mmoja alimpelekea maji. Mwingine alimtania, mama akacheka, mtoto naye akatabasamu na uji mdomoni.

Mahija alisimama katikati ya tuta, jembe mkononi. Akaona kwamba kivuli kile kilikuwa chake. Kijiko kile kilikuwa cha Mbaruku. Hata unga uliokuwa unakorogwa pale, nusu yake ilitoka nyumbani kwake, na aliyepaswa kuula amefungiwa na kufuli. Hofu aliyokuwa nayo miezi ile, ya kusemwa, ya kurudishwa, ikaanguka mara moja, na nyingine kubwa zaidi ikakaa mahali pake. Asubuhi, alipomlaza mtoto, mkono wake ulikuwa wa baridi. Alikuwa ameuona ubaridi ule akajifanya hakuuona.

Akalitupa jembe akakimbia. Jumbe mgongoni alianza kupiga kelele. Wanawake wakadhani amepandwa na kitu, wakamfuata, Bi Tausi nyuma yao na baiskeli yake. Njia yote Mahija alikuwa anasema neno moja tu, subiri, subiri, na anayeambiwa hayupo pale.

Alipoingia uani alimkuta Bi Sikujua amekaa chini, kwenye kizingiti cha chumba, mgongo ameuegemeza mlangoni. Ngedere walimshinda mapema akarudi. Alikuwa ameinamisha sikio ubaoni.

"Kuna mtu alikuwa analia humu," alisema. "Sauti ndogo. Nimekuwa nikiimba naye. Sasa hivi amenyamaza."

Wanawake walikuwa wanaingia uani, mmoja mmoja, wanahema. Bi Sikujua akamtazama mkwewe, akatazama kofia ya kufuma.

"Mahija. Huyo mgongoni ni wa nani?"

Hapo, wajukuu zangu, alikuwa bado na njia ya kukimbilia. Angeweza kusema ni Mbaruku, kilicholia ni paka. Amesema uongo mkubwa kuliko huo. Ufunguo uko kwenye pindo, watu wako nyuma yake, na ndani kumenyamaza. Akafumba macho.

"Ni wa Mwantumu, mama."

"Na anayepimwa kila mwezi?"

"Ni huyuhuyu wa Mwantumu. Wangu yuko ndani. Amevimba. Nina mimba, mama, ndiyo maana nilimwachisha. Niliogopa utasema nimembemenda, nirudishwe kwetu."

Bi Sikujua akasimama, magoti yakimlia.

"Fungua mlango," akasema. "Ya kurudishana tutayasema mjukuu wangu akiwa mapajani kwangu."

Vidole vya Mahija vilikataa kufungua fundo. Akaling'ata kwa meno. Kufuli ilipoanguka, hakuwa yeye aliyetangulia kuingia. Alikuwa Bi Sikujua. Mguu wa mavyaa haukanyagi chumba cha mkwe, lakini siku ile ulikanyaga. Mahija akabaki mlangoni ameshika mwimo, hawezi kwenda mbele wala kurudi, anangoja kusikia kilio cha msiba. Hakuwahi kungoja muda mrefu kama ule.

"Anapumua," Bi Sikujua akasema kutoka ndani.

Bi Tausi akaingia, akampokea, akamfunika na kanga ya kwanza iliyotolewa, na zilitolewa nyingi. Alimbonyeza mguu, akamtazama nywele. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kunong'ona lile neno la kubemendwa. Bi Tausi hakumwachia amalize. Alisema mtoto huyu hakubemendwa na mtu. Amenyang'anywa ziwa kwa siku moja, akapewa muhogo mtupu, basi. Maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Mengine akasema yatasemwa baadaye, sasa ni hospitali.

Jumbe akaachwa kwa jirani, wakaondoka vile, Mahija amepakiwa nyuma ya baiskeli ya Bi Tausi na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na wanawake wanatembea nyuma na majembe yao, wamesahau hata kuyaweka chini.

Msidhani hofu iliishia getini. Hospitali uvimbe ulianza kushuka, na kadiri ulivyoshuka ndivyo Mahija alivyozidi kuogopa, kwa sababu chini ya uvimbe hapakuwa na mtoto aliyemjua. Yale mashavu yalikuwa maji. Yalipokauka, ikabaki mifupa na macho. Alilala chini ya kitanda akihesabu pumzi, akisikia imechelewa anaruka. Bi Sikujua alikuwa naye. Hakusema mengi, ila kila baada ya muda alimshika mkwewe kisigino, kumjulisha kwamba yupo.

Asubuhi moja muuguzi alimnywesha Mbaruku maziwa kwa kikombe, akakiondoa kabla hakijaisha. Mbaruku akakunja uso. Akafungua mdomo, akalia, kilio chembamba cha hasira, anataka kikombe chake. Mahija akacheka huku machozi yanamtoka. Mtoto anayedai chake ni mtoto aliyeamua kubaki.

Waliporudi, Mwantumu aliwangoja uani mikono kiunoni. Alimsema Mahija sawasawa, na alikuwa na haki, mtoto wa watu si chombo cha kuazima. Alipomaliza kusema aliingia ndani, akatoka na dagaa aliowatwanga wakawa unga, akamimina kwenye uji wa Mbaruku. Mhando naye alirudi kutoka mkonge, mama yake akamwita faragha. Walichoongea hakijulikani, lakini alitoka huko akashika jembe la mkewe, na habari ya kumrudisha mtu kwao haikusikika tena katika nyumba ile.

Siku ya Mizani ikafika. Mahija akaja na Mbaruku, bila kofia. Akamvalisha kaptula mwenyewe, akamtundika mbele ya watu wote. Miguu ilining'inia myembamba, mshale ukasogea kidogo, kadi ikatiwa alama kwenye nyekundu. Mahija hakuinamisha kichwa. Kesho yake majembe yalikwenda shambani kwake, na aliyetangulia tuta la kwanza alikuwa Bi Sikujua.

Sasa sikilizeni maneno yalipotoka. Siku ileile ya mizani, mwishoni mwa foleni, alikuwepo mwanamke mwingine, mgeni, anamsukuma mwanawe nyuma ya magauni ya wenzake na kumwomba jirani amwazime wake mara moja tu. Alidhani hakuna aliyemsikia. Bi Sikujua alikuwa amekaa kwenye gunia la pumba pale mlangoni. Akainuka, yule mama wa ukimya, akamshika mkono.

"Mpima wa jirani, wake hupungua ndani," akamwambia. "Nimeuona mlango wenyewe. Mlete mwanao."

Yule mwanamke akamleta. Na maneno yakabaki.

Bibi Namvua akatupa ganda la mwisho kapuni, akafuta kisu kwenye kanga. Vijana walikuwa wameangalia chini, mihogo yao nusu imemenywa. Mmoja akasema kwa sauti ya kujitetea kwamba mahindi si mtoto.

"Si mtoto," Bibi akakubali. "Ila viwavi wanakula sasa hivi tunavyoongea. Dawa yao anaijua nani? Na amekwenda wapi, amebeba sifa za mahindi ya Kihiyo?"

Mwanjaa alikuwa tayari ameweka kisu chini. Alisimama, akajikung'uta vumbi, akasema bwana shamba atakuwa bado kitongoji cha pili, wakikimbia watamkuta kabla hajawasha pikipiki. Yule mwenzake akamwuliza atamwambia nini sasa, si watachekwa na watu wote. Mwanjaa akamvuta mkono mpaka akasimama.

"Tutamwambia, mpima wa jirani, wake hupungua ndani. Twende tukamwonyeshe letu."